Mashavu ya Mpiga Zumari

Bayumi hakuwa na nyumba yake, hakuwa na suti, hakuwa na baba wa kumposea, na tangu pumu imshike hakuwa na pumzi ya kutegemea. Alikuwa na zumari, na nafasi katika kikundi kikubwa cha muziki wa asili hapa Kairo, ilmradi barua ya daktari ya kuthibitisha kwamba pumu yake imetulia iwafikie Alhamisi kabla ya adhuhuri.

Suheir alikutana naye soko la Ataba, katikati ya wauza vitambaa, zumari liliponasa mtandio wake wa rangi ya komamanga.

"Kaka, unanunua au unaiba?"

"Niwie radhi, bibie. Zumari langu lina macho kunishinda." Akakohoa, kifua kikapiga mluzi.

"Kumbe unalo la pili humo ndani! Njoo zahanati ya mapafu. Mimi ndiye mpima pumzi."

Alikwenda, akapewa dawa ya kuvuta. Simu nazo zikaanza.

"Umevuta dawa, roho yangu?"

"Nimevuta. Wewe umeniota?"

"Vuta dawa. Ndoto niachie mimi."

Siku ya kipimo alifika na kanzu iliyonyooshwa, ananukia miski. Suheir akampa mrija wa mashine. Bayumi alitaka aonekane hodari. Akapuliza bila kuyumba, kwa muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote. Namba ikapanda juu sana, ishara kwamba njia zake za hewa zimevimba.

"Bayumi, hujavuta dawa."

"Wallahi navuta kila asubuhi."

"Mashine haina sababu ya kudanganya."

"Mimi ninayo?"

"Unaitaka barua. Ukinidanganya kwa pumzi yako, kesho utanidanganya kwa lipi?"

Bayumi akaondoka. Kila asubuhi alimpigia, simu haikupokewa. Kila asubuhi, hata hivyo, alivuta dawa yake.

Jumatano jioni binamu yake Suheir aliolewa. Suheir alivaa gauni la kijani lenye vimetameta, na aliyeongoza msafara wa maharusi ni Bayumi! Zumari lililia kutoka mwanzo wa mtaa mpaka ngazi za ukumbi bila kukatika. Suheir akamkazia macho. Mashavu yamejaa kama mipira, yanasukuma hewa. Wakati huohuo pua inaiba nyingine.

Suheir akashika mdomo. Ndivyo Bayumi alivyopuliza kwenye mashine! Na hewa ya puani hupandisha namba hata kwa mtu mzima wa afya.

Akamvuta mkono wa kanzu. "Kesho asubuhi uje kipimoni, kichwa ngumu wewe."

"Nani kichwa ngumu? Mimi au mashine?"

"Mimi. Umeridhika?"

Asubuhi alimkalisha kitini. "Vuta kwa mdomo. Pua yako leo imepewa likizo." Akayabana mashavu yake kwa viganja viwili.

"Ukinishika hivi nitasahau kupuliza."

"Puliza, Bayumi."

Namba ikatoka ndogo. Suheir akaisoma tena, machozi yakamlengalenga.

"Ulikuwa unavuta dawa."

"Nilikwambia."

"Nisamehe."

"Kwa sharti moja. Ijumaa mama yangu aje kwenu."

"Aje. Nawe uje, ila zumari liache nyumbani. Baba hulala mchana."

Daktari akasoma majibu, akatia sahihi. Suheir akaikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kiganja kilekile kilichotoka shavuni mwa Bayumi, kisha akamkabidhi tarishi wa pikipiki.

"Kimbia," alimwambia. "Adhuhuri isikukute njiani."