Uyoga Ambao Bibi Hakuukagua

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya kina Marsela pale Mpanda ilinukia unga na mkaa. Mama yake, Monika, alikanda unga wa pizza mezani. Marsela, msichana wa darasa la sita, alikata nyanya, vitunguu na hoho. Tanuri la matofali lilikuwa uani, na pembeni yake aliketi Bibi Gaudiose kwenye kigoda, ungo ukiwa mapajani.

Bibi alikulia Inyonga, akiokota uyoga porini tangu utotoni. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: uyoga hauingii jikoni mpaka Bibi aukague, hata ule ulionunuliwa kwa akina mama wanaouza barabarani. Alishika mmoja mmoja, akaugeuza chini juu, akaunusa, akautazama mguu wake hadi mwisho. Alioutilia shaka aliutupa shimoni bila kuuonea huruma.

Jumamosi hiyo kulikuwa na oda maalumu. Klabu ya mdahalo ya shule yao ilikuwa imeshinda mashindano ya wilaya, na Mwalimu Specioza, mlezi wa klabu, aliahidi kuwanunulia pizza. Marsela ndiye aliyekusanya oda mapema wiki ile. Kama hujawahi kuwauliza watoto kumi wanataka nini juu ya pizza, mshukuru Mungu.

"Nyama ya kusaga, tena ijae," alisema Malale, ambaye baba yake anafuga ng'ombe Kasekese. "Pizza bila nyama ni mkate uliomwagikiwa nyanya."

"Mimi kuku na nanasi," alisema Esteria.

"Nanasi kwenye chakula? Nyie watu mnaumwa!" alidakia Malale.

Wote walicheka. Mwalimu Specioza naye akasema, "Mimi Kwaresma hii nimeacha nyama. Niwekeeni uyoga. Nimeula sana kwetu Mpimbwe, ila juu ya pizza bado."

"Uyoga, Mwalimu?" Malale alikunja uso. "Hiyo si mboga ya wakati wa njaa?"

Maneno hayo yalimchoma Marsela. Yeye pizza aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya uyoga, ule uliokaangwa kidogo na kitunguu, jibini ikayeyukia juu yake. "Subiri Jumamosi," alimwambia. "Utaomba kipande mwenyewe."

"Nikiomba, niiteni mbuzi."

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika, na Bibi alikuwa ametupa zaidi ya nusu ya uyoga. Uliobaki haukujaza hata bakuli.

"Mama, hii pizza itakuwa na kipara," Marsela alilalamika.

"Itatosha. Mwalimu ataelewa."

Mwalimu angeelewa, lakini Malale je? Marsela alimwona kabisa akicheka huku meno yote yako nje. Alipokwenda kumwaga taka nyuma ya nyumba, akakuta uyoga umeota chini ya mti, mweupe, wenye kofia pana kama ule wa Bibi. Akachuma minne. Akakata miguu akaitupa, akaosha kofia, akazikatakata na kuzichanganya na ule mwingine. Mama alikuwa ameinamia moto.

Bibi aliinua shingo. "Marsela, mbona uyoga umeongezeka?"

"Haujaongezeka, Bibi. Nimeukata vipande vyembamba tu."

Bibi alimtazama kidogo, kisha akaendelea na kazi zake. Alimwamini, maana Marsela hakuwa na tabia ya kusema uongo.

Saa sita Marsela alipanda bodaboda kwenda shuleni, maboksi ya pizza yakiwa mapajani na joto lake likipenya kwenye sketi. Hapo ndipo hofu ilipomwanzia. Alikumbuka habari ambayo Bibi aliwahi kumsimulia, ya jirani yao wa Inyonga aitwaye Anicet, aliyezika watoto wawili ndani ya wiki moja kwa sababu ya mlo mmoja wa uyoga. Marsela alijiambia kwamba ule wake ulikuwa mweupe, ulifanana na ule mwingine, haukuwa na shida. Halafu akajiuliza kwa nini basi alitupa miguu, ambayo Bibi huitazama hadi mwisho. Lakini akisema sasa, pizza itamwagwa, na nani ataagiza tena kwa mama yake? Bodaboda ikasimama getini kabla hajaamua.

Darasani madawati yalikuwa yameunganishwa. Mwalimu Specioza aliongoza sala fupi, watoto wakanawa mikono, maboksi yakafunguliwa. Pizza ya uyoga ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na harufu yake ilizishinda zote.

Malale aliinusa mara moja, akainusa tena. "Mwalimu, naomba nionje. Kidogo tu."

"Mbuzi! Mbuzi!" darasa lilipiga kelele. Malale naye akalia kama mbuzi, akachukua kipande, akauma, akatafuna, akameza. "Aisee," alisema. "Aisee, Marsela!"

Marsela alikuwa ameshinda, na alitamani kukipokonya kile kipande. Mdomo ulikataa kufunguka. Malale aliuma tena. Mwalimu Specioza akachukua kipande chake, akakipeleka mdomoni.

"Mwalimu, usile!"

Mwalimu alikizuia kipande hewani. "Kuna nini?"

"Kuna uyoga nimeuongeza mimi. Nimeuchuma nyuma ya nyumba. Bibi hajaukagua." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Aliniuliza, nikamdanganya."

Mwalimu Specioza alirudisha kipande boksini taratibu. Kisha alimgeukia Malale, ambaye mkononi mwake kilikuwa kimebaki kipande cha ukoko tu.

"Apewe maziwa!" Esteria alisema. "Maziwa yanaua sumu!"

"Hatubahatishi," alisema Mwalimu. "Tunakwenda hospitali sasa hivi, na hii pizza tunakwenda nayo. Wengine msiguse chochote."

Hospitalini daktari aliuliza Malale amekula saa ngapi na kiasi gani, akampa dawa nyeusi ya kunywa, ya kunasa sumu tumboni, akaagiza alazwe.

"Lakini sijisikii vibaya," Malale alisema. Safari hii hakucheka.

"Uyoga wa sumu mwingine hauumi upesi," daktari alijibu. "Mtu anashinda mzima, kesho yake ini limeharibika. Mmefanya vizuri kuja kabla ya dalili. Tutampima damu na kumwangalia."

Mwalimu alikuwa amempigia simu Mama. Mama alifika pamoja na Bibi, na Bibi alikuwa na uyoga mmoja mzima aliouchimbua chini ya ule mti, na mguu wake na udongo wake.

"Bibi, huu una sumu?" daktari aliuliza.

Wote walimtazama. Bibi aliugeuza, akaunusa, akautazama tena kwa muda mrefu.

"Siujui," alisema.

Jioni aliingia baba yake Malale, Mzee Lyamba, vumbi la pikipiki likiwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Marsela alisimama.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyeweka ule uyoga."

"Marahaba." Mzee Lyamba akavuta benchi. "Kaa, mwanangu. Tusubiri wote."

Walisubiri. Jumapili, watu wakitoka misa, daktari alileta majibu. Damu ya Malale ilikuwa salama. Angerudi nyumbani, na baada ya siku mbili angepimwa tena.

"Ile pizza ilikuwa tamu lakini," Malale alimnong'oneza Marsela. "Hilo ndilo linalonikera."

Alipopimwa tena alikutwa mzima kabisa. Siku hiyo Marsela alimfuata Bibi uani, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, nisamehe kwa kukudanganya. Ule uyoga ulikuwa na sumu?"

"Mpaka leo sijui."

"Lakini wewe unaujua uyoga wote."

"Nani kakwambia? Naujua wa aina saba tu. Mwingine wote natupa. Nimewapikia watu zaidi ya miaka hamsini na hajafa mtu, kwa sababu sioni aibu kusema sijui. Wewe hukujua, ukaona aibu kwa sababu ya kicheko cha Malale. Nilipokuuliza, nilikupa nafasi ya kusema."

"Nilisema shuleni, Bibi."

"Ulisema, na nakushukuru. Umemwokoa mwalimu wako. Lakini ulichelewa, na aliyekula wakati unajishauri ni mtoto wa mtu." Bibi alimshika kidevu, akamwinua uso. "Siku nyingine, mjukuu wangu, ukiulizwa, sema hapohapo."