Sahani ya Mgeni wa Mansfield

Mezani walikuwepo hawa: Hedwig Scholz, Mjerumani wa miaka themanini na tisa, mzaliwa wa kijiji cha Langwald, Halina Wilczek, miaka themanini na saba, aliyekulia kijiji hichohicho ila akikiita kwa Kipolandi Długolas, Rukaya Mshamu, muuguzi wa zamu, na Ambilikile Mwakalinga, aliyewapikia. Watu wanne. Sahani zilikuwa tano, maana mkesha wa Krismasi Wapolandi humwekea sahani mgeni asiyetarajiwa, na Halina hakubali ikosekane.

Supu ya sahani ya tano ilikuwa imefika nusu.

"Kaka Ambi, njaa gani hiyo?" Rukaya alimcheka. "Hata ya mgeni?"

"Dada, mimi kijiko sijakishika."

Ambilikile aliijua habari ya bibi hawa. Mwaka 1946, mipaka ilipohamishwa baada ya vita, familia ya Halina, iliyofukuzwa kwao mashariki, ilipewa nyumba ya akina Hedwig kabla wenyewe hawajafukuzwa. Wakapikia jiko moja miezi mitano. Siku Wajerumani walipopakiwa kwenye lori, Georg, mdogo wake Hedwig wa miaka minne, hakuonekana. Uzeeni Halina alimtafuta Hedwig kwa barua, akahama kutoka Houston kumfuata kwenye nyumba hii ya wazee hapa Mansfield, na kila Desemba waliwataja wafu wa pande zote mbili. Georg, Hedwig hakukubali atajwe.

Kukanuka unga uliovunda. Kisha, chini ya meza, ngo, ngo, ngo, kama kiganja kidogo kinachogonga mbao kwa ndani.

Ambilikile alibaki akitazama kitambaa cha meza kikibonyea mbele ya kiti kitupu, kidole baada ya kidole, na kila kilipobonyea pakabaki alama ya unga, na alama zile zikatambaa polepole kumwelekea Halina, naye hakupiga kelele wala hakushtuka, bali alizitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa mno.

Rukaya alisoma Ayatul Kursiyyu, aya ya kinga, mpaka mwisho. Kugonga hakukukoma.

"Haondoki," alinong'ona. "Aliyealikwa mezani hafukuzwi, kaka. Hupewa alichokijia."

"Kajia nini?"

"Kajia niseme," Halina alijibu. "Hedwig, mimi ndiye niliyemficha. Mdogo wangu alikufa njiani tukija. Nikamwambia Georg aingie kwenye kasha la unga, anyamaze, abaki awe wangu. Nikakaa juu ya kifuniko mpaka lori likapotea. Aligonga, kisha akaacha. Nikadhani amelala."

Kiti kitupu kikasogea nyuma chenyewe. Mlango wa mbele ukafunguka, ukajifunga. Harufu ikakatika.

"Nisamehe, Hedwig."

Hedwig alikuwa akiukusanya ule unga kiganjani, taratibu, asipoteze hata chembe.

"Miaka sabini na tisa namtafuta akiwa hai," alisema. "Nitakujibu kesho, Halina. Leo niache naye."

Ambilikile akamsukuma Hedwig kwenye kiti chake cha magurudumu hadi chumbani kwake.

Asubuhi, kabla ya chai, Halina alikuwa ameshasimama nje ya chumba kile, amechana nywele, amevaa gauni lake la kanisani, anangoja jibu. Ambilikile alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akamwambia.

Hedwig Scholz alifariki tarehe 25 Desemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.