Jina Alilonong'oneza Gitaani

Machibya alifika dukani kwa Jitesh, katikati ya Nyamagana, jua likizama na mlango mmoja wa chuma ukiwa tayari umeshushwa. Kwapani alikuwa na gitaa kavu lisilo na uzi hata mmoja, amelifunga kwenye shuka kama mtu aliyeiba kuku.

"Nyuzi sita," alisema. "Nifungie hapahapa. Nawahi msibani Nyegezi."

Jitesh alimfahamu tangu duka likiwa la baba yake, Mansukh. "Mzee Machibya! Miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Baba alikuwa akisema Mwanza nzima hakuna mpiga solo kama wewe. Uliacha kwa nini?"

"Nilichoka."

Uongo huo. Lakini tumwache kwanza, mficha maradhi kifo humuumbua.

Jitesh alikaza uzi wa mwisho, akainamia tundu la gitaa, akakunja pua. "Mzee, humu panya amefia?"

"Vumbi hilo."

Halikuwa vumbi. Ilikuwa harufu ya mafuta ya kondoo na nywele zilizoungua. Machibya aliijua. Alidhani imekwisha zamani.

Akiwa nyuma ya bodaboda kuelekea Nyegezi, aliikumbuka sauti ya Getruda kwenye simu. Mumewe, Luhaga, alizikwa juzi. Kesho wangeanua matanga. "Shemeji, njoo na gitaa," Getruda alimwambia. "Mwenzako aagwe kwa muziki."

Na tuseme ukweli bila kumwonea haya: Machibya aliposikia Luhaga amekufa, kilichotangulia hakikuwa machozi. Ilikuwa furaha. Machozi yalikuja nyuma, yakamkuta ameshatabasamu, na tangu hapo hakuweza kujitazama kwenye kioo.

Walikuwa bendi moja. Luhaga alipiga solo, Machibya akapiga rithimu nyuma yake, na watu walipopiga vigelegele walimtazama Luhaga. Huku Usukumani, baada ya mavuno, ngoma zinaposhindana uwanjani, kila manju huwa na dawa yake ya kuvuta watu. Hilo si siri wala si dhambi kubwa. Lakini Machibya hakutaka dawa ya kuvuta watu. Alitaka nafasi ya mwenzake.

Akaenda porini, mbele ya Misungwi, kwa mganga aliyeitwa Maige.

"Niletee uzi uliokatika kwenye gitaa lake," Maige alimwambia. "Na jina lake."

Uzi aliupeleka. Maige aliuchoma pamoja na mafuta na nywele, akaumimina ule moshi gitaani mwa Machibya, kisha akamwambia anong'oneze jina lile tunduni, mara tatu.

*Luhaga... Luhaga... Luhaga.*

"Mkono unao sasa," Maige alisema. "Kila ukipiga, mwenye jina atatoa."

"Atatoa nini?"

Maige alifunga vibuyu vyake.

Machibya alipiga solo kwenye ngoma ya kwanza, uwanja ukazizima. Asubuhi yake kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Luhaga kilikuwa baridi, hakikunjiki. Ngoma ya pili, kikafuata cha jirani yake. Hospitali wakasema ni mishipa. Baada ya ngoma ya tatu, cha kati nacho kikalala. Machibya akang'oa nyuzi, akalitupa gitaa juu ya kabati, akatangaza kwamba ameokoka.

Luhaga alibaki na vidole viwili mkono ule, akawa mwanika dagaa. Na kila walipokutana alimwambia, "Ndugu yangu, rudi ukapige. Angalau mmoja wetu asikike." Machibya aliitikia tu. Miaka ishirini na mbili, kikulacho ki nguoni mwako, nacho kinakuuliza hali ya watoto.

Sasa mwenye jina alikuwa kaburini. Angetoa nini tena?

Hivyo ndivyo Machibya alivyowaza.

Alipofika, umeme ulikuwa umekatika. Wanaume walikaa uani kuzunguka moto. Wazee wa ukoo walikuwa ndani na Getruda, wana kikao chao. Machibya akapewa kigoda. Akaliweka gitaa pajani, akagusa uzi mmoja, kisha wa pili, halafu vidole vikaondoka vyenyewe.

Mazungumzo yakafa. Mtu mmoja akaanza kulia taratibu. Machibya naye alilia, kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu hakustahili utamu ule.

Ndipo akaisikia.

Rithimu.

Ilitoka upande wa ziwani, kwenye mawe, chini ya ua. Taratibu... safi... ileile rithimu aliyokuwa akiipiga yeye zamani, nyuma ya Luhaga. Sasa kuna mtu aliyeketi gizani akimpigia yeye.

Aliangaza macho. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye gitaa. Hakuna aliyegeuza shingo. Harufu ya mafuta ya kondoo ikampanda puani.

Akataka kuacha.

Vidole vikakataa, vikaingia ngoma ya pili.

Ndani ya nyumba mtoto alilia. Mara moja tu, kwa ukali, kama aliyechomwa mwiba. Uleule muda nyuzi zikanyamaza, na kule ziwani pakanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Winnie, binti wa marehemu, akatoka na kichanga chake cha miezi mitatu mgongoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa akitabasamu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wazee wamemaliza. Mtoto wamempa jina la babu yake. Tulikuwa tunamwita Nathaniel, sasa ni Luhaga."

Machibya alihisi kigoda kinazama. "Wamempa lini?"

"Sasa hivi. Ulipoanza tu kupiga, babu mkubwa akasema hiyo ni baraka, akalitamka."

"Mshushe."

"Baba mdogo?"

"Mshushe, mama. Nipe mkono wake. Wa kushoto."

Vidole vidogo, laini, vyenye joto la mgongo wa mama. Kimoja... viwili... vitatu. Cha nne kilikuwa baridi. Cha tano kilikuwa baridi. Alivikunja, vikarudi vikanyooka.

Alimwita Getruda pembeni, karibu na banda la kuku, akamweleza yote. Uzi, Maige, jina alilonong'oneza tunduni, ile furaha ya juzi. Hakubakiza kitu. Getruda alisikiliza ameshika kanga mdomoni, asimkatize.

"Alikataza," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Mwenzako. Mwezi mzima kabla hajafa alisema, jina langu lisirithiwe, nizikeni nalo. Wazee wakasema ni homa inaongea. Jina la mtu mzima halitupwi."

"Kwa hiyo alijua?"

"Sababu hakusema. Alisema tu, 'Nikifa Machibya atafurahi, atapiga.'" Getruda aliitoa kanga mdomoni. "Mimi nikadhani anakusifu."

Akamwacha amesimama pale.

Gitaa lilichomwa usiku uleule. Wazee wakalirudisha jina kaburini kwa pombe na maneno, mtoto akawa Nathaniel tena, na padri akaja na maji yake. Hospitali wakasema ni mishipa. Machibya alikwenda Misungwi kumtafuta Maige, akakuta majani marefu na msingi wa nyumba. Mwenye shamba la jirani alimwambia mganga yule alikufa zamani, kabla yeye jirani hajapata watoto.

Mwezi ukapita. Vidole vitatu vya mtoto vilibaki na joto. Getruda hapokei tena salamu za Machibya, na hilo yeye analiona ni haki. Kila akilala hufunga mkono wake wa kushoto kwenye mbao za kitanda kwa kanga ya marehemu mkewe, mafundo manne. Hajui kwa nini alianza. Mwili wake ulimtuma.

Leo alfajiri aliamka akaikuta kanga sakafuni, imekunjwa vizuri, kama inavyokunjwa na mtu mwenye subira. Akainua mkono kuelekea dirishani. Kwenye ncha za vidole palikuwa na mistari ya nyuzi, myembamba, myekundu, mibichi.

Alipiga muda gani? Alipigia wapi?

Simu ikaita. Winnie.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema, kisha akaisogeza simu kwa mtoto. Alikuwa analia.

"Marahaba," Machibya aliitikia kwa mazoea. Akafumba macho, kisha akauliza.

"Ni vingapi?"