Soksi ya Mchanga

Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, Mchwa alikwenda nyuma ya chumba ambamo mama yake alishona nguo. Waliomwita Mchwa hawakukosea: alikuwa mdogo, mkimya, na akianza kazi haachi. Hapo alimkuta rafiki yake Kidosho, nao wakajaribu kuzungusha soksi iliyojaa mchanga, iliyofungwa kwenye kamba ya mita moja. Walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho ya sayansi ya shule.

"Soksi ni nusu kilo, mwendo mita sita kwa sekunde," alisema Mchwa. "Unazidisha tungamo kwa mwendo, tena kwa mwendo, kisha unagawa kwa urefu wa kamba. Kani inayoivuta soksi kuelekea katikati ni nyutoni kumi na nane. Kamba yetu haihimili zaidi ya nyutoni hamsini."

Siku chache baadaye, darasani, Kidosho alimpelekea mwalimu wa sayansi kazi ile, akasema ameifanya peke yake. Mwalimu alipotoka, Mchwa alilalamika mbele ya wenzake.

"Huyu?" Kidosho akacheka. "Alikuwa ananishikia kamba tu."

Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo moyo wa Mchwa ulitokota kama sufuria iliyofunikwa. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka Kidosho achekwe vilevile, mbele ya watu wengi zaidi.

Nafasi ilijileta yenyewe. Asubuhi ya maonyesho Kidosho alimfuata bombani.

"Hivi, nikizungusha mara mbili ya ule mwendo, kani nayo itakuwa mara mbili, si ndiyo? Thelathini na sita. Kamba itahimili."

Mchwa alijua kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne. Zingekuwa nyutoni sabini na mbili. Soksi ingechomoka na kugonga ukuta wa uwanja, Kidosho abaki na kipande cha kamba mkononi.

"Ndiyo," alijibu, na neno lile likawa tamu mdomoni mwake.

Uwanjani, upande wa ukuta ulikuwa mtupu. Lakini jua lilipozidi, watoto wa darasa la kwanza walihamishiwa kwenye kivuli chake, wakaketi wamebanana. Labda soksi itapita juu yao, Mchwa alijiambia. Labda. Kidosho akainua mkono wenye kamba.

Mchwa alikimbia akamshika.

"Mwalimu, asizungushe. Kamba itakatika."

"Wivu tu huo," alisema Kidosho.

"Aliniuliza, nikamdanganya makusudi. Nilitaka achekwe."

Mwalimu hakubishana. Aliwaondoa watu wote, kisha akazungusha mwenyewe, kwa kasi. Kamba ikakatika. Soksi ikapasukia ukutani na kubandua plasta, kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi.

Hakuna aliyecheka. Kidosho alitazama chini. "Hesabu zote ni za Mchwa," alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu akawaita kando.

"Kidosho, uliiba kazi ya mwenzako. Kesho utayarudia maneno hayo mbele ya darasa. Nawe Mchwa, ulidhulumiwa kweli, na ungekuja kwangu ningekusikiliza. Ukachagua kisasi. Kisasi, mwanangu, hakimpati adui yako peke yake. Humpata hata asiyekujua. Ukiiona hatari ukanyamaza, umeshiriki. Leo umesema kabla ya kuchelewa, na hilo nimeliona. Haya, chukueni mafagio mkazoe mchanga ule."

Hasira ya Mchwa haikuwa imekwisha yote. Hata hivyo alimpa Kidosho fagio moja, naye akabaki na lingine.