Vazi la Bibi Rahel

Teksi ilikuwa imeshaondoka. Verda alisimama kwenye lango la sinagogi, pale soko la samaki la Izmir linapoishia, akapunga mkono mpaka gari likakata kona. Ndani alikuwemo Bibi Estela, mgeni kutoka Buenos Aires, bado anafuta machozi ya furaha. Meli yake ilikuwa ing'oe nanga saa kumi na moja jioni.

"Umemwonyesha nini hata akalia vile?" aliuliza Babu Moiz, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kwa daktari wa meno, shavu limemvimba.

"Mapazia, Babu. Ameliona vazi la bibi yake."

"Umelipata peke yako? Haya, leo umenishinda."

Babu Moiz alikuwa mtunzaji wa sinagogi hilo kwa miaka thelathini. Verda, mwenye miaka kumi na miwili, alikuja kumsaidia kila Jumapili. Alipangusa mabenchi, akamwagilia mlimau wa uani, kisha akawafungulia wageni. Wengi wao walikuwa wajukuu wa Wayahudi wa mji wetu waliohamia mbali, na kila mmoja alikuwa na kitu anachokitafuta: kaburi, nyumba, kiti alichokalia babu yake.

Bibi Estela alikuwa amekuja kutafuta vazi. Bibi yake, Rahel, alilitoa vazi lake la harusi la mahameli likashonwa pazia la kabati la kuwekea magombo ya Torati, kama walivyofanya maharusi wengi wa Izmir siku hizo. Baadaye familia ilihama. Mama yake Estela alikuwa na miaka sita tu, lakini alikumbuka kuliona pazia lile likitundikwa sikukuu.

"La Rahel ni lipi, mwanangu?" aliuliza Bibi Estela kwa kile Kihispania cha wazee wetu, ambacho Verda alifundishwa nyumbani.

Mapazia yalikuwa saba. Verda hakujua, na aliona haya kukiri hivyo mbele ya mtu aliyevuka bahari. Akaligusa la zambarau, lenye maua ya nyuzi za dhahabu.

"Hili hapa," akasema.

Sasa, mgeni akiwa ameondoka, Verda alikuwa analikunja. Bitana ikajipindua, akaona kitambaa cheupe kimeshonewa kwa ndani, na juu yake, kwa mwandiko wa Babu, jina la bibi harusi mwingine: Sultana Bencuya. Aliangalia mlangoni, akalikunja upya, jina likafichika. Nani angejua?

Nje, Babu alikuwa anaongea na Rifat, muuza samaki.

"Mjukuu wangu huyu, leo kamtafutia mtu vazi lililowapotea miaka themanini."

"Basi kazi umepokonywa, Mzee Moiz. Njoo huku nikufundishe kupara samaki."

"Kwa macho haya? Nitawauzia wateja wako magamba, minofu niitupe."

Walicheka. Verda hakucheka. Sifa zile hazikuwa zake. Akatoka.

"Babu, njoo kidogo."

"Nini tena?" aliuliza Babu, akiingia ndani.

"Nimemdanganya yule bibi. Nilimwonyesha la zambarau."

Babu alikaa kwenye benchi, mkono shavuni. "Hilo ni la kina Bencuya."

"Jina nimeliona sasa hivi."

"Na kabla hujaliona, ulijuaje kuwa ni la Rahel?"

"Sikujua. Ndilo lililokuwa zuri kuliko yote."

Babu hakumfokea. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi laini iliyokunjwa. Ndani yake kilikuwemo kipande cha mahameli ya bluu, ukubwa wa viganja viwili, na nusu ya ua la dhahabu.

"Rahel ni huyu. Paa lilivuja majira fulani ya baridi, kabla hujazaliwa, maji yakaliozesha pazia. Hiki ndicho nilichookoa."

"Kadogo hivi? Babu, si afadhali abaki na lile zuri?"

"Chukua koti lako," alisema Babu.

Walipanda tramu mpaka bandarini. Saa kumi na robo walimkuta Bibi Estela kwenye foleni ya abiria, simu mkononi. Babu alibaki hatua mbili nyuma.

"Bibi, nilikudanganya," alisema Verda. "Lile pazia si la Bibi Rahel. Sikujua, nikaona haya kusema sijui."

Uso wa Bibi Estela ulibadilika. Akamgeuzia simu. "Soma ujumbe niliomwandikia mama yangu. Bado sijautuma."

Verda alisoma: Mama, lilikuwa zambarau. Uzee umekuchanganya.

"Ana miaka tisini na tatu," alisema Bibi Estela. "Maisha yake yote amesema bluu. Leo nilimwona kasahau, kwa sababu yako."

Verda aliinamisha kichwa. Babu akasogea, akafungua karatasi. Bibi Estela alikitazama kile kipande cha bluu, akakiweka shavuni. Kisha akaufuta ule ujumbe, akakipiga picha.

"Naweza kwenda nacho?"

"Hapana, dada. Kilichotolewa kwa Torati hakirudi nyumbani kwa mtu. Lakini kishike mpaka wakuite."

Alikishika mpaka walipomwita. Akakirudisha, akamwekea Verda mkono kichwani. "Umeniudhi sana, mwanangu. Lakini umekuja."

Kwenye tramu ya kurudi Verda aliuliza kama Jumapili ijayo angeruhusiwa kuwapokea wageni.

"Utawapokea," alisema Babu. "Ila sikiliza. Ukimwambia mtu hujui, ataendelea kutafuta. Ukimdanganya, ataacha kutafuta, aende zake na kitu kisicho chake. Kutojua si aibu. Hata mimi wageni nawaambia sijui kila wiki, na bado wananiita mtunzaji."

Verda aliendelea kwenda kila Jumapili mpaka alipomaliza shule. Sasa ni mfamasia ng'ambo ya ghuba. Babu Moiz aliacha kazi macho yalipomzidia, na funguo zikachukuliwa na mtu mwingine. Rifat aliuza kibanda chake, akahamia kwa binti yake. Bibi Estela hakurudi tena Izmir, ila humtumia Verda kadi kila mwaka mpya. Mama yake aliitazama ile picha kwenye simu, akasema rangi imepauka kidogo. Alifariki mwaka uliofuata.