Kamera za Ndandalo

"Kwale, hapa Mwamba. Wavu uko majini. Njoo darajani, haraka."

Sauti ilitoka kwenye redio ya Motorola kiunoni mwa Tusekile, ambaye redioni aliitwa Kwale. Amri hiyo ya siri ilikuwa na maana moja tu. Zebedayo ameonekana Kasumulu, anataka kuvuka Mto Songwe aingie Malawi.

Zebedayo alikuwa akivusha bunduki kwa mitumbwi. Magunia ya mchele juu, SMG chini. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa na mzigo wa kuvusha, hakuna aliyejisumbua kupekua magunia yake.

Mtu pekee aliyeweza kumfunga alikuwa Bi Nasma, muuza vitenge wa Kasumulu. Zebedayo alikuwa amepanga stoo kwake, na siku moja Bi Nasma akaingia na kukuta masanduku ya bunduki yakiwa wazi. Jumatatu angesimama mahakamani Mbeya. Kabla ya hapo Idara ya usalama, mwajiri wa Tusekile, ilikuwa imemficha katika nyumba hii ya Ndandalo, katikati ya migomba na mikakao. Ilikuwa maficho yake ya tatu. Yale ya kwanza yote mawili yalivamiwa, na hakuna aliyejua siri ilivujia wapi.

Mwamba alikuwa Hezroni, mkuu wa Tusekile. Ndiye aliyemwingiza Idarani na kumfundisha kulenga shabaha. Baba yake Tusekile alipofariki, Hezroni alisafiri usiku kucha kutoka Dar ili awahi mazishi. Kazini Tusekile alimwita afande. Kwingine kote alimwita kaka.

Tusekile akachomeka bastola yake ya Browning kiunoni. Alimwambia Bi Nasma afunge milango, kwamba askari wawili wako njiani kuja kukaa naye. Ndivyo Hezroni alivyokuwa ameahidi, siku Tusekile akiitwa kwingine. Bi Nasma hakufurahi, lakini akafunga.

Tusekile akakimbia kwenye mvua mpaka ghala la kakao nyuma ya nyumba, alikoegesha Hilux.

Alikuwa ameshika mlango wa gari taa ya ghalani ilipozimika.

Umeme wa nyumba nzima ulikuwa umekatika. Si ajabu, msimu wa mvua Kyela. Akatupa jicho kwenye kompyuta yake, Toshiba iliyokaa juu ya magunia.

Picha nne za kamera za ulinzi zilikuwa zinaendelea.

Kamera hizo zilifungwa chini ya usimamizi wa Hezroni mwenyewe, kila moja ikichomekwa kwenye soketi ya nyumba. Umeme ukikatika, zote zilikuwa zinapofuka. Tusekile alichoka. Wiki iliyopita, Hezroni akiwa Dar, alizing'oa kwenye soketi na kuleta swichi ya mtandao ya aina inayosukuma umeme ndani ya waya uleule unaobeba picha. Waya mmoja kwa kila kamera. Picha inatoka, umeme unaingia. Swichi yenyewe aliiweka humo ghalani, ikila umeme kutoka kwenye betri ya lori.

Hakumwambia Hezroni. Hakuwa anaficha. Alisahau tu.

Kwenye picha ya kwanza, mtu mwenye koti la mvua alikuwa akifunga kijumba cha mita ya umeme ukutani. Akageuka.

Hezroni.

Akafungua geti. Wanaume wawili wakaingia, mmoja na panga, mwingine na bastola. Huyu wa bastola, uso wake Tusekile aliujua kwa picha za faili.

Zebedayo.

Tusekile akabonyeza redio.

"Mwamba, uko wapi?"

Kwenye kioo cha kompyuta alimwona Hezroni akiinua redio yake mdomoni. Midomo ikacheza.

"Niko darajani Kasumulu. Umeshatoka?"

Tusekile akamjibu huku akimtazama kwenye kioo.

"Nimetoka, kaka."

Hezroni akawapungia wenzake waendelee.

Tusekile akapiga simu. Nokia ya Bi Nasma ikapokelewa.

"Bi Nasma, usiulize kitu. Ingia bafuni, jifungie, lala chini."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Lala chini."

Akaangalia picha mara ya mwisho. Mwenye panga barazani. Zebedayo mlango wa jikoni. Hezroni ukumbini, ameingia kwa ufunguo wake.

Akatoka kupitia migombani. Mvua ilimeza vishindo vyake. Zebedayo alikuwa ameinama akichokonoa kitasa cha jikoni; kitako cha Browning kikamkuta kisogoni. Akaanguka bila neno. Tusekile akamfunga pingu kwenye bomba la maji na kuchukua bastola yake.

Mwenye panga akatokea kwenye kona.

Risasi moja. Paja. Akabaki anagaagaa kwenye matope.

Tusekile akaingia ndani. Hezroni alikuwa kwenye korido, bastola mkononi, hatua chache kutoka mlango wa bafuni.

"Ulitakiwa uwe Kasumulu sasa hivi," Hezroni alisema.

"Wewe pia."

"Nilikutoa humu ndani ili usife, Tuse. Walitaka mfe nyote wawili. Nilikataa."

"Na yeye?" Tusekile aliuliza, akielekeza macho bafuni.

Hezroni akatupa jicho kwenye mlango wa bafuni. Kisha akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli, "Nimekata umeme. Umeniona na nini?"

"Kamera hazitumii tena umeme wa nyumba. Unapita kwenye waya wa mtandao, kutoka ghalani."

"Hukuniambia."

"Nilisahau."

Hezroni akatikisa kichwa taratibu. Kisha akainua bastola kuuelekea mlango wa bafuni.

Tusekile alifyatua kwanza, pale alipofundishwa na Hezroni mwenyewe. Bega la mkono wa silaha.

Polisi wa Kyela, aliowaita Tusekile kwa simu, walifika mvua ikipungua. Zebedayo alikuwa wa kwanza kusema. Kabla jua halijazama walikuwa wameyafukua masanduku yake yote kwenye shamba la mpunga huko Talatala, na mitumbwi imeshikwa. Maficho mawili ya kwanza? Zebedayo akamtaja Hezroni bila kulazimishwa.

Hezroni alipandishwa kwenye gari la polisi akiwa na bandeji. Akaomba kusema na Tusekile.

"Mke wangu hatalihimili hili. Mwambie Naomi nimekufa kazini."

Tusekile alimtazama. Naomi alikuwa amempikia chakula mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka.

"Hujafa. Utamwambia mwenyewe."

Hakumwita kaka wala afande.

Akaenda kwenye Hilux, alikokuwa anangoja Bi Nasma na kikapu chake cha nguo. Bi Nasma alimuuliza yule bwana alikuwa nani wake.

Tusekile akawasha gari, akashika barabara ya Mbeya.

"Tulifanya kazi pamoja," alisema.