Fisi wa Kipindi cha Alasiri

Fisi alilia mahali ambapo hakuwekwa. Fundi sauti alikuwa studioni akisikiliza kipande kilichorekodiwa asubuhi, mwigizaji akiimba huku anaosha vyombo, na chini ya wimbo ule, kwa mbali, mnyama akacheka kisha akaguna. Akarudisha nyuma. Fisi yupo.

"Umemweka mapema mno," alisema mwandishi wa mchezo, akichungulia mlangoni na kikombe mkononi. "Mnyama anatangulia, msiba unafuata. Wasikilizaji wameshazoea, fisi akilia mtu anakufa. Sasa hapa unamuua nani?"

"Sijamweka mimi."

"Basi kajiweka mwenyewe." Mwandishi akacheka, akaenda zake.

Mchezo ule wa redio, wa majini na mashetani, ulikuwa gumzo la mji, na sifa zote zilikuwa za fisi. Watu waliuliza alirekodiwa pori gani. Fundi, ambaye kwa kawaida hujisifu hata kwa kufunga mlango bila kelele, hapo alitazama viatu vyake. Hapakuwa na pori. Mwaka uliopita mkewe alijifungua mtoto asiye na pumzi, na waliporudi kutoka kuzika alijitupa kitandani, akajifunika shuka gubigubi, akalia. Mumewe alimpelekea maji. Alipotoka, glasi ilibaki kwenye kiti, na kinasa sauti kilibaki nyuma ya glasi, kinanasa. Baadaye, studioni, alikipunguza kasi kile kilio, akakishusha kiwe kizito, kikawa fisi. Aliona aibu siku hiyohiyo, lakini kipindi kilikuwa kinasubiri, na fisi alikuwa mzuri.

Sasa mkewe alikuwa na mimba tena, mwezi wa mwisho.

Jioni alimkuta amesimama katikati ya jiko, mkono tumboni. Palinuka manyoya mabichi na nyama iliyolala.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona. "Nyuma ya jokofu. Kuna kitu kinahema."

"Ni mota hiyo."

"Mota gani inameza mate?"

Kitu kile kikatoka nyuma ya jokofu bila kuonekana, kikapita katikati yao kikiacha joto kwenye miguu, kikashika ukumbi kuelekea chumbani zilikokunjwa nguo za mtoto, na huko kikaanza kulia, kwanza mlio mzito wa redioni, kisha mwepesi kidogo, kisha mwepesi zaidi, ukipanda kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu, hadi fundi akajua kwamba ukipanda mara nyingine tu mkewe ataitambua sauti yake mwenyewe, akashika sufuria akazigonganisha, akakohoa, akafungua bomba la maji, akapiga kelele za kila namna. Na aibu yenyewe ndiyo hii: aliogopa kugunduliwa kuliko alivyohofia maisha ya mtoto.

Asubuhi aliitwa shangazi wa mkewe, mganga asiyependa maneno mengi. Alinusa chumba kwa chumba, kisha akamvuta fundi pembeni.

"Jini hili lilikuwa bubu, mwanangu. Kuna mtu kalipatia sauti."

"Nani?"

"Usiniulize kitu kilichoandikwa usoni mwako."

"Nikiifuta je?"

"Umeshatoa, utafuta nini? Mwenye sauti aidai mwenyewe, na hawezi kudai asichojua kimeibwa. Wewe umelifundisha kwamba likilia, mtu afe. Limeshika somo. Na mkeo huyo ameanza uchungu tangu alfajiri."

Fundi aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema yote akiwa ameinamisha kichwa. Alitamani atukanwe. Mkewe hakumtukana.

"Lete nisikie," alisema. "Ile yenyewe, kabla hujaigeuza."

Alivaa hedifoni, akasikiliza hadi mwisho, akisitisha tu uchungu ulipombana. Chini ya kitanda kitu kilihema pamoja naye.

"Hapa," alisema. "Mlango unafunguka. Hizi hatua zako."

"Ndiyo."

"Nimeukumbuka mlango huu mwaka mzima. Nilijua umekuja kukaa na mimi. Hukunigusa, nikasema moyoni, maskini, naye ameshindwa. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho siku ile." Akavua hedifoni. "Kumbe ulikuja kuzima mashine."

Mkewe akainama kwa shida, akaongea na lililo chini ya kitanda kama anavyoongea mtu na jirani aliyekaa na chombo chake. "Sauti hiyo ni yangu. Naitaka."

Kilio kikatoka, safari hii kinywani mwake mwenyewe, kirefu, na kilipokatika harufu ilikuwa imekwisha. Shangazi akamwashiria fundi atoke.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, mzima, akalia kama watoto wote wanavyolia. Fundi alikuwa nje ya mlango. Alipogusa kitasa alimsikia mkewe akizungumza, taratibu, bila hasira.

"Shangazi, kabla hajaingia, mpapase mifukoni."

Shangazi akatoka. Fundi akainua mikono, akapapaswa.